Kunakili "Waokota Masazo" ya Millet kwa rangi za mafuta: hatua kwa hatua

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye ameshashika brashi ya rangi za mafuta walau mara chache, na sasa anataka kuchora watu wa shamba wakiwa kazini bila picha yake kugeuka kadi ya posta. Njia tunayoipendekeza ni ya zamani: nakili kwanza kazi ya aliyeyaweza. Mchoraji Vincent van Gogh alifanya vivyo hivyo mwaka 1889 na 1890 akiwa Saint-Rémy, kusini mwa Ufaransa, tena akimnakili huyu huyu Jean-François Millet, mchoraji Mfaransa, na kwa kuwa alikuwa na chapa zisizo na rangi, ilimbidi rangi azitafute mwenyewe. Wewe una nafuu. Picha ipo kwenye intaneti kwa rangi zake zote, na kwa kuwa Millet alifariki mwaka 1875, hakuna haki miliki ya kukuzuia.

Picha yenyewe ni Des glaneuses, Waokota Masazo, ya mwaka 1857, iliyoko Musée d'Orsay jijini Paris. Ukubwa wake ni karibu sentimita 84 kwa 111. Wanawake watatu wako kwenye konde la ngano lililokwisha kuvunwa. Wawili wako pamoja, wameinama hadi chini. Wa tatu yuko kulia, ameinama nusu. Mbali nyuma yao kuna malundo makubwa ya mavuno, mkokoteni, kundi la wavunaji, na msimamizi juu ya farasi.

Tenga siku sita au saba za kazi, lakini usizifululize. Kati ya tabaka na tabaka rangi inahitaji kukauka, kwa hiyo kwa kalenda hesabu wiki nne hadi sita.

Ijue picha kabla ya kununua rangi

Kuokota masazo ni kupita konde lililovunwa na kuokota masuke yaliyodondoka. Wasomaji wa Biblia wanaijua kazi hii kwa habari ya Ruthu katika konde la Boazi, na Millet aliwahi kuichora habari hiyo pia. Ufaransa maskini waliruhusiwa kuokota baada ya mavuno kuondolewa, na mwisho wa ruhusa ulikuwa kuzama kwa jua. Kwa hiyo mwanga wa jioni uliomo humu si pambo. Muda unawaishia.

Millet alizaliwa 1814 katika kijiji cha Gruchy, Normandie, kwenye familia ya wakulima. Mwaka 1849 alihamia Barbizon, kando ya msitu wa Fontainebleau, na ndiko alikochora picha zake nyingi za shambani. Hakuifikia hii kwa siku moja: kuna toleo la 1853 lililosimama wima, ambalo sasa lipo katika jumba la makumbusho la Yamanashi huko Japani. Ukiyaweka mawili hayo ubavuni utaona alichojifunza. La 1857 limelazwa, ardhi imetanuka, na wanawake wamezama ndani yake.

Ilipooneshwa kwenye Salon ya 1857, yaani maonesho makubwa ya sanaa jijini Paris, baadhi ya wahakiki waliiona ni tishio. Mapinduzi ya 1848 ya Ufaransa yalikuwa bado mabichi vichwani, na hapa maskini watatu walikuwa wamepewa sehemu ya mbele ya picha kwa ukubwa na uzito ambao watazamaji walizoea kuuona kwa watakatifu na mashujaa. Uzito huo ndio unaotakiwa kuuhamisha kwenye nakala yako, na hauletwi na nyuso. Nyuso karibu hazionekani. Unaletwa na migongo. Ukishika hilo, maamuzi mengi huko mbele yatakuwa mepesi.

Sasa tafuta picha nzuri ya kunakili. Chagua yenye angalau pikseli 3,000 kwa upana, kutoka jumba la makumbusho lenyewe au hifadhi ya picha huru. Utakuta matoleo yanayotofautiana rangi: moja la njano sana, jingine la kijivu. Chagua moja na ulifuate hadi mwisho. Kuchanganya mawili ndiko kunakozaa anga ya jioni juu ya konde la saa sita mchana. Lichapishe mara mbili kwenye karatasi ya A3, moja la rangi na moja la nyeusi na nyeupe. Usichore ukiangalia simu. Skrini ina mwanga wake, na rangi utakazochanganya zitatoka kali kuliko inavyotakiwa.

Vifaa

Tumia ukubwa wa sentimita 60 kwa 45. Uwiano wake ni 4 kwa 3, karibu sawa kabisa na wa picha asilia, kwa hiyo huhitaji kukata wala kunyoosha kitu. Pia ni desturi njema nakala isilingane na asilia kwa ukubwa. Louvre, jumba la makumbusho la Paris, huwataka wanakili wapunguze au waongeze moja ya tano.

Turubai lililokwisha kuwambwa ni rahisi zaidi. Kama ni ghali kwako, hadibodi ya milimita 3 inafaa, ile ile wanayoitumia wachoraji wa Tingatinga. Tumia upande laini, upige msasa kidogo ili ushike, kisha paka jeso (rangi nyeupe ya msingi inayotangulia rangi za mafuta) pande zote mbili. Ukipaka upande mmoja tu, ubao utapinda, hasa maeneo ya pwani yenye unyevu.

Dukani eleza vizuri unachotaka. Ukisema tu "rangi ya mafuta" katika duka la vifaa vya ujenzi utapewa rangi ya milango. Ile inang'aa na inakauka na ngozi juu, na kwa kazi ya Tingatinga inafaa sana, lakini hapa itakuharibia kwa sababu haichanganyiki taratibu. Unahitaji rangi za wasanii za tyubu:

- nyeupe ya titani, mililita 75 au zaidi, maana ndiyo inayoisha kwanza
- oka ya njano (njano ya udongo, yellow ochre)
- sienna iliyochomwa (kahawia nyekundu, burnt sienna)
- amba mbichi (kahawia ya udongo, raw umber)
- bluu ya ultramarini
- nyekundu ya kadmiamu, au mbadala wake wa bei nafuu
- nyeusi, tyubu ndogo tu

Tyubu za mililita 37 zinatosha kwa hizo nyingine. Usiongeze kijani. Hakuna kijani cha tyubu katika picha hii, na ukiwa nacho utakitumia.

Brashi: bapa za manyoya ya nguruwe namba 10, 6 na 4, laini za duara namba 4 na 1. Kisu cha paleti. Tapentaini, na mafuta ya mbegu za kitani yaliyosafishwa kwa ajili ya wasanii. Thina ya rangi za magari usiiguse: inalainisha tabaka la chini na mvuke wake ni mkali. Mkaa wa kuchorea, timazi ndogo (uzi na nati vinatosha), na matambara ya pamba.

Neno moja la usalama ambalo watu hulipuuza. Tambara lenye mafuta ya kitani likifinyangwa na kutupwa pembeni huweza kupata joto lenyewe na kuwaka moto. Litandaze nje likauke, au litumbukize kwenye kopo la maji lenye mfuniko. Na chorea penye madirisha mawili yaliyo wazi.

Hatua ya 1: Andaa uso

Paka tabaka mbili za jeso, ya pili ukiielekeza kinyume na ya kwanza. Kila moja ikikauka, piga msasa namba 220 na ufute vumbi. Rangi ya maji ya ukutani si mbadala wa jeso. Gundi yake ni dhaifu, na baada ya miaka michache inabanduka na picha yako juu yake.

Usianze kuchora kwenye weupe. Changanya amba mbichi na oka ya njano kwa tapentaini mpaka iwe nyepesi kama chai ya rangi, paka uso wote, halafu futa kwa tambara hadi ubaki na rangi ya udongo mkavu, si nyeusi sana. Iache siku moja au mbili. Rangi hii ya chini itachungulia huku na huku mpaka mwisho, na ndiyo itakayofanya ardhi, nguo na ngozi vionekane vimetoka mahali pamoja. Kwenye uso mweupe kila rangi unayoweka huonekana nyeusi kuliko ilivyo, nawe utaendelea kuing'arisha, na mwisho picha nzima inakuwa ya chokaa.

Hatua ya 2: Gridi na mistari mikubwa

Gawa uso wako katika miraba ya sentimita 7.5: minane kwa upana, sita kwa kimo. Gawa na picha iliyochapishwa kwenye karatasi ya A3 kwa idadi hiyo hiyo. Piga mistari kwa mkaa, hafifu.

Mstari wa kwanza wa kuchora ni upeo wa macho, pale ardhi inapokutana na anga. Utaukuta karibu na mwisho wa safu ya pili kutoka juu. Uthibitishe kwenye karatasi yako kwa rula, maana huu ndio mstari ambao picha nzima inauning'inia. Wanawake wawili walioinama wako chini yake kabisa. Wa tatu, hata akiwa ameinuka kidogo, anakomea karibu nao. Ukiushusha upeo sentimita 2 tu, vichwa na migongo itakata anga, na wanawake watageuka sanamu za mashujaa mlimani. Millet alitaka ardhi iwafunike.

Halafu weka migongo. Usianze na kichwa. Kwa kila mwanamke chora mstari mmoja uliopinda kutoka nyonga hadi shingoni, kisha mstari wa miguu kutoka nyonga hadi kisigino. Wengi hukosea hapa kwa kuwapindisha kiunoni au kuwakunja magoti kama wanaochuchumaa. Hawa wameinama kutoka nyonga, miguu karibu imenyooka, sawasawa na mtu anayepandikiza mpunga au anayefagia uwanja kwa ufagio mfupi. Msomaji aliyekulia Mwea au Kilombero anaujua mkao huu mwilini mwake, autumie. Muombe mtu wa nyumbani ainame hivyo kwa nusu dakika na umtazame nyonga zinapokwenda. Zinarudi nyuma ya visigino, la sivyo angeanguka kifudifudi.

Ning'iniza timazi mbele ya karatasi, ione inapita wapi kutoka nyonga kwenda chini, kisha fanya hivyo hivyo kwenye mchoro wako. Mwili usiosimama vizuri kwenye mkaa hauponi kwa rangi.

Baada ya hapo ndipo uongeze mikono. Mwanamke wa kushoto ameuweka mmoja mgongoni, ukiwa umeshika masuke aliyokwisha kuokota, na mwingine unafika chini. Mikono inayofika ardhini ni mirefu kuliko unavyodhani; ikifupishwa kidogo tu, anakuwa anaelea. Pia pima nafasi tupu: ile kati ya wawili na wa tatu, na pembetatu zilizo chini ya matumbo yao. Nafasi tupu ni rahisi kuzinakili kuliko miili, kwa sababu jicho halina mazoea nazo.

Geuza ubao na karatasi juu chini, linganisha. Makosa yatajionesha yenyewe. Yakiisha, pulizia mkaa uliolegea na ufuatishe mistari kwa amba mbichi na tapentaini kwa brashi ya namba 1.

Hatua ya 3: Giza na mwanga, bila rangi

Tabaka hili ni la amba mbichi, tapentaini na tambara tu, bila nyeupe. Chukua karatasi ya nyeusi na nyeupe na uigawe kichwani katika viwango vitano, 1 kikiwa mwanga na 5 giza. Anga na malundo ya mbali ni 1 na 2. Konde la katikati ni 2. Ardhi ya mbele ni 3. Wanawake ni 4 na 5, isipokuwa pale jua la ubavuni linapogusa migongo, mabega, shingo na mikono yao, ambapo panapanda hadi 2 au 3.

Paka 5 na 4 kwanza, futa kwa tambara unapotaka mwanga. Fanya kwa brashi ya namba 10 na usiguse kitu chochote kilicho kidogo kuliko kiganja cha mwanamke. Ndani ya saa mbili unatakiwa uwe na picha inayosomeka ukiwa mita 4 mbali: umbo moja zito la watu wawili, jingine la mtu mmoja, na nuru nyuma yao.

Ipige picha kwa simu, iondoe rangi, uilinganishe na karatasi. Kosa la kawaida ni kwamba sehemu ya nyuma imeingia giza. Ukiitazama asilia utaona kinyume: utajiri wote uko kule nyuma kwenye mwanga mweupe wa vumbi, na wasio nacho wako mbele kwenye kivuli. Tofauti hiyo ya viwango ndiyo hoja ya picha nzima, na ndiyo sababu hatua hii haina njia ya mkato.

Amba hukauka upesi. Siku mbili au tatu zinatosha.

Hatua ya 4: Anga na umbali

Kuanzia hapa zingatia kanuni ya mafuta: tabaka la juu liwe na mafuta mengi kuliko la chini yake. Tabaka la chini likiwa na mafuta mengi linachelewa kukauka na linaendelea kusogea wakati la juu limeshagangamaa. Ndipo nyufa zinapotokea. Hatua ya 3 ilikuwa tapentaini tupu. Sasa tumia kipimo kimoja cha mafuta kwa viwili vya tapentaini, na katika tabaka la mwisho kimoja kwa kimoja. Matone tu, rangi ya tyubu tayari ina mafuta.

Kwa anga changanya nyeupe vipimo kumi, oka kimoja, na chembe ya bluu mpaka ubluu uanze kufa. Karibu na upeo toa bluu, ongeza chembe ya sienna. Anga hii ni ya kijivu chenye joto. Ukiona inavutia kwa ubluu wake, umekosea.

Malundo ya mavuno: nyeupe vipimo vinne, oka viwili, chembe ya sienna. Upande wa kivuli ongeza bluu kidogo badala ya kahawia, ili libaki mbali. Kingo zake ziguse anga kwa ulaini. Pitisha brashi kavu pale vinapokutana kabla havijakauka.

Wavunaji wa nyuma ni miguso ya brashi, mmoja au miwili kwa kila mtu. Mkokoteni miguso kumi hivi. Msimamizi aliye juu ya farasi, kulia, mpe mitano: mwili wa farasi, shingo, miguu kwa mguso mmoja, mpanda farasi, kofia. Anatakiwa ajulikane ni nani na asizidi hapo. Mchoraji anayependa farasi ndiye anayeiharibu sehemu hii: anamchora vizuri, na jicho la mtazamaji linamkimbilia nyapara na kuwaacha wanawake.

Hatua ya 5: Ardhi

Paka ardhi ikiwa moja, kutoka nyuma kuja mbele. Nyuma ni oka na nyeupe nusu kwa nusu. Kadiri unavyokuja mbele punguza nyeupe na uongeze amba, na chini kabisa ongeza sienna kidogo. Badilisha taratibu, kwa miguso mipana ya ulalo inayofuata ubapa wa uwanda. Brashi ikisimama wima hapa, konde linageuka ukuta.

Mabua ya ngano yaliyobaki yangoje hatua ya 7. Ukiyachora sasa utachora elfu.

Hatua ya 6: Wanawake

Hii ndiyo siku ndefu. Andaa kwanza giza la msingi: ultramarini na sienna iliyochomwa, nusu kwa nusu. Ukiongeza bluu linakuwa la baridi, ukiongeza sienna linapata joto. Tumia hili badala ya nyeusi ya tyubu, ambayo peke yake huacha matundu yasiyo na hewa.

Nguo ni za kazi, zimefuliwa na kupigwa jua: kijivu cha bluu, kahawia, udongo. Kila nguo iwe na michanganyiko mitatu kwenye paleti kabla hujagusa turubai: kivuli, kati, mwanga. Paka kivuli na kati kwa brashi ya namba 6, uviunganishe kwa mkunjo mmoja tu, halafu mwanga uuweke mwishoni, mnene kidogo, kwenye mgongo na bega. Usiulainishe. Mguso huo mmoja ulioachwa ndio unaompa mwanamke umbo la jiwe lililochongwa.

Vitambaa vya kichwani ndivyo rangi pekee zinazozungumza kwa sauti: bluu kwa wa kushoto, nyekundu kwa wa kati, njano iliyofifia kwa wa kulia. Hata hivyo, hakuna inayotoka tyubu moja kwa moja. Bluu: ultramarini, chembe ya sienna, nyeupe kiasi. Nyekundu: kadmiamu na sienna nusu kwa nusu, na kadmiamu safi mahali padogo tu panapopigwa na jua. Njano: oka, nyeupe, chembe ya amba. Watu wengi huzifanya kali kwa kuogopa picha kuwa ya huzuni, na matokeo yake ni vichwa vitatu vinavyoelea juu ya konde.

Nyuso: sienna, oka na amba, nyeupe kidogo mno. Onesha pembe ya taya, kivuli cha kitambaa juu ya paji, basi. Usichore macho. Kama mtu atakuuliza mbona hawana sura, mrudishe kwenye asilia atazame tena.

Mikono inastahili muda kuliko nyuso. Ni mizito, vidole vimevimba kwa kazi, rangi yake inakaribia ya udongo. Chora kiganja kama umbo moja la pembe nne, kisha kidole gumba, kisha vidole vilivyobaki vikiwa kundi. Kidole kimoja au viwili tu ndivyo vitenganishwe. Mikono laini yenye vidole vitano vilivyohesabika inawageuza hawa kuwa wanawake wa mjini waliokuja kupigwa picha.

Kisha viatu. Ni vya mbao, vizito. Chini ya kila kimoja weka mstari mwembamba wa giza la msingi, na kivuli cha mwili mzima kwenye ardhi kwa mchanganyiko wa ardhi ile ile ukiongezewa bluu na amba. Pasipo mstari huo, kazi yote ya nyonga na timazi imepotea, kwa sababu watakuwa wamesimama hewani.

Ukimaliza, rudi nyuma mita 4. Wanawake wakionekana wamekatwa kwa mkasi na kubandikwa, tatizo liko kwenye kingo. Acha ukingo mkali upande wa mwanga tu, na upande wa kivuli kokota rangi ya nguo iingie kidogo kwenye ardhi. Huu ni ugonjwa wa kila nakala, na unatibika kwa dakika kumi ikiwa rangi bado mbichi. Ikishakauka utalazimika kupaka upya pande zote mbili.

Acha siku saba hadi kumi. Pwani wakati wa masika inaweza kuchukua wiki mbili. Usiharakishe kwa kuweka juani, uso unajikunja.

Hatua ya 7: Mabua, masuke na kusimama

Mabua yapake kwa brashi kavu ya namba 4, rangi kidogo, kwa kugusa na kuinua. Mbele ni marefu na machache yenye mwanga. Kila unaporudi nyuma yanafupika na kushikana, na kabla ya kufika katikati ya konde yanakwisha kabisa. Yakusanye karibu na mikono ya wanawake, kwa maana ndiko jicho linakokwenda. Masuke waliyoyashika yawe ya oka na nyeupe, miguso ya brashi namba 1, isiyozidi kumi kwa kila mkono. Wanachookota ni kidogo. Ukiwajazia mikono umebadilisha habari.

Kundi la ndege angani ni vidoa vichache vya kijivu. Weka, halafu ufute nusu.

Matatizo mawili huibuka sasa. La kwanza ni madoa yasiyong'aa kwenye giza, ambako mafuta yamezama: sugua mahali hapo na mafuta kidogo sana kwa tambara, rangi inarudi. La pili ni tope, yaani rangi zote kuwa kahawia moja. Hilo halitokani na rangi za udongo ulizochagua. Linatokana na brashi moja kutumika kwa kila kitu na tapentaini isiyobadilishwa. Weka brashi tofauti kwa mwanga na kwa giza, na makopo mawili ya kuoshea.

Vanishi, saini na uhifadhi

Vanishi ya mwisho ingoje miezi sita, zaidi kama ulipaka kwa unene. Ukiiweka mapema inafunga rangi ambayo bado inakauka, na itanata kila joto likizidi. Chagua isiyong'aa sana. Picha hii haipendi kung'aa. Turubai likilegea kwa unyevu, gonga taratibu kabari zilizo kwenye pembe za fremu, moja baada ya nyingine, badala ya kulowesha nyuma kwa maji kama wengine wanavyofanya.

Usiige saini ya Millet iliyo mbele. Nyuma andika kwa wino usiofutika: nakala ya Millet, Des glaneuses, 1857, kisha jina lako na mwaka. Ukiiuza, mnunuzi aambiwe hivyo hivyo.

Ukitaka kuchora konde la kwenu

Mpangilio huu unahamishika: upeo wa juu, watu chini yake, mwanga wa ubavuni, utajiri mbali. Kinachobadilika ni saa. Barbizon wakati wa mavuno jua hushuka polepole na mwanga wa ulalo hudumu. Kwetu karibu na ikweta jua linadondoka wima, na mwanga wa namna hiyo unaupata kuanzia kama saa kumi na moja jioni hadi karibu na saa kumi na mbili, basi. Huwezi kuchora picha nzima kwa muda huo. Piga picha kadhaa kwa simu, fanya michoro ya mkaa ya dakika mbili mbili ya migongo tu, na uandike pembeni rangi za vivuli, kwa sababu simu huvifanya vyeusi vyote.

Omba ruhusa kabla, kwa mwenye shamba na kwa wanaofanya kazi. Mtu asiyejua anachorwa humaliza kazi yake akaondoka. Anayejua husimama wima na kutabasamu. Dawa ni kukaa nao mpaka wakuzoee, kisha uombe wainame kama kawaida kwa muda wa kuhesabu hadi thelathini. Usiwaweke zaidi ya hapo, mgongo unauma. Na kwa kuwa mpunga au mtama hauna rangi ya ngano, usibebe paleti ya hatua ya 5 kama ilivyo: mabua ya mpunga uliovunwa yana ukijani chini karibu na tope, ambao unaupata kwa oka na chembe ya nyeusi.